Shemeji Akicheka, Picha Inaganda

Kidato cha tatu walinibana. Nilikuwa nimemaliza kuorodhesha ubaoni vipera vya sanaa za maonyesho: tambiko, majigambo, miviga, utani, vichekesho. Kijana wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, Orijino Komedi nayo ni fasihi?" Nikajibu ndiyo, kwa nini isiwe? "Basi tuihakiki." Darasa zima likapiga meza. Nikaahidi kwamba Ijumaa nitakuja na uhakiki wa kipindi cha Alhamisi usiku, fani na maudhui, kama tunavyohakiki tamthiliya yoyote ya mtihani.

Miaka ile Gairo tulikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Kilosa. Wilaya yetu wenyewe tuliipata 2012. Ilipofika Alhamisi usiku hapa barabarani, kati ya Morogoro na Dodoma, hata wauza viazi vitamu walifunga viroba mapema. Kundi lile lilianza kupata jina katikati ya miaka ya 2000 likiitwa Ze Comedy, kwenye EATV: Joti, Masanja Mkandamizaji, Mpoki, Wakuvanga, Vengu, MacRegan, na Seki. Walipohamia TBC1 jina la zamani likazua mvutano, wakaibuka na jipya, Orijino Komedi. Masanja alikuwa akisoma "taarifa ya habari" kwa uso mkavu kama anatangaza bajeti ya serikali. Joti leo babu, kesho mtoto, keshokutwa binti wa shule. (Siku hizi Masanja ni mchungaji na mkulima wa mpunga, na nina hakika wapo waumini wanaokwenda ibadani huku mashavu yako tayari kucheka.)

Nyumbani kwetu tulikuwa na televisheni ya chogo ambayo spika yake ilishakufa, kwa hiyo sauti ilitoka kwenye sabufa. Uani kulikuwa na dishi kubwa la futi sita. Nguzo yake ilichimbiwa vizuri na saruji ikamwagwa, lakini nati inayolikaza shingoni ilikuwa imelika meno. Upepo wa Gairo mnaujua, hasa Juni: unashuka kutoka milima ya Ukaguru jioni na haubishi hodi. Dishi lilikuwa likigeuka polepole kama mtu anayetega sikio kwa jirani. Tulilifunga kamba, tuliliwekea jiwe, haikusaidia. Dawa ikawa moja tu: mtu asimame uani alishike. Na mtu huyo alikuwa Shemeji, mdogo wake Baba Watoto, aliyekuja kwetu kusubiri matokeo ya mtihani, matokeo yakaja, yeye hakuondoka.

Alhamisi hiyo Baba Watoto hakuwepo. Alikuwa Kibaigwa, sokoni, analinda magunia ya mahindi yanayosubiri bei ya asubuhi. Sebuleni tulikuwa mimi na daftari langu, binti yangu mkubwa, wadogo zake wawili, watoto wa majirani sikuwahesabu, na Mama, yaani mama mkwe wangu, kwenye kiti chake kile chenye mto. Mama alikuwa mtu wa redio. Alilelewa na Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania Dar es Salaam, na televisheni aliiona utu uzima ulishaingia. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, sisi wa Bara tukasubiri mpaka 1994. Kwa hiyo alikuwa na tabia ya kusikiliza televisheni amefumba macho.

Nilishagawanya ukurasa. Upande wa fani: muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Upande wa maudhui: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa. Taarifa ya habari, ile ya kweli, ikaisha. Shemeji akajifunga blanketi, akatoka. Dirisha likaachwa wazi ili asikie, kwa sababu hayo ndiyo yalikuwa malipo yake.

"Imekuja?"

"Bado!"

"Sasa?"

"Bado, Baba Mdogo! Rudi kulia! Kulia kwako, si kwetu!"

"Sasa?"

"Hapohapo! Usipumue!"

Kipindi kikaanza. Wakati huo ndipo nilipogundua jambo ambalo hakuna kitabu cha uhakiki kilichoniandaa nalo. Msomaji wa habari za vichekesho akatoa habari ya kwanza, picha safi, sauti safi. Akaingia habari ya pili, akanyamaza kidogo kabla ya neno la mwisho, akalitoa. Shemeji uani akaangua kicheko. Dishi likatikisika. Uso wa msomaji ukagawanyika vigae vya kijani na zambarau, ukaganda mdomo wazi.

Tukasubiri. Shemeji akatulia, picha ikarudi. Utani mwingine, "kwikwikwi" dirishani, vigae. Ukawa ndio utaratibu. Palipopwaya tuliona kila kitu, mpaka kishikizo cha koti. Palipokolea hatukuona hata pua. Nikaanza kuandika daftarini dakika za kuganda, kwa kuwa ndizo zilizokuwa ushahidi pekee wa ubora. Chini ya "mtindo" nikaandika: umeganda mara nyingi, hivyo ni mzuri.

"Baba Mdogo, usicheke!" binti yangu akapiga kelele.

"Sasa mnaniacha nisikie ya nini?"

Hoja yake ilikuwa na uzito.

Wamarekani wana Saturday Night Live yao, iliyoanza Oktoba 1975 kule New York, na kile ni mubashara kweli: mwigizaji akisahau maneno au akashindwa kuzuia kicheko, nchi nzima inamwona papo hapo, hakuna wa kukata wala wa kurudia. Ukumbini mna watu, wanacheka, na waigizaji wanawasubiri wamalize. Churchill Live ya Kenya nayo ilikuwa na watu ukumbini. Wetu walirekodi vipande vyao mitaani Dar es Salaam, wakakatakata, wakaunga, kikatujia kimeshapikwa. Kitu pekee kilichokuwa mubashara usiku ule ni Shemeji.

Simu ikaita. Baba Watoto. Pale alipolala Kibaigwa hapakuwa na televisheni, na dakika za usiku zilikuwa za bei ya kutupa. "Mama Watoto, niwekee simu kwenye sabufa, nami nisikie." Nikaiweka. Binti akaitazama ile simu, akasema chaji imebaki mstari mmoja. Kabla sijafungua mdomo alishavuta waya uliokuwa ukutani na kuchomeka chaja.

Tundu la umeme lenye nafasi halikuwepo. Waya alioung'oa ulikuwa wa sabufa.

Kwa hiyo simu ya Baba Watoto ikawa na chaji ya kutosha kusikiliza sebule iliyonyamaza. "Haloo? Mbona hamcheki?" Na uani Shemeji, asiyesikia tena chochote, akasimama wima kama mlingoti wa bendera. Picha ikawa kioo. Sijawahi kuona picha safi namna ile kwenye chogo lile. Ungeweza kusoma jina la duka nyuma ya waigizaji.

Binti akataka kurudisha waya. Mama akafumbua macho. "Acha kwanza."

Kwenye kioo alikuwa anapita mzee mwenye mkongojo. Ni nani kati yao aliyekuwa ndani ya lile koti, mpaka leo ni kesi nyumbani kwetu, maana alipotambulishwa ilikuwa wakati wa vigae. Mzee anachechemea, anafika kwenye kigoda, anakaa, anagombana na kijana, anainuka. Mama akasogeza kiti mbele.

"Goti bovu ni lipi?" akauliza.

Watoto wakasema la kulia.

"Na fimbo kaishika mkono gani?"

Wa kulia.

"Uongo," Mama akasema, kwa upole wa mtu anayesahihisha bei sokoni. "Goti la kulia likiuma, fimbo inashikwa kushoto. Mguu mbovu na fimbo vinakwenda pamoja, mzima unafuata. Babu yenu alitembea hivyo miaka." Akanyoosha mkono nimsaidie kuinuka, kisha akaukataa, akainuka mwenyewe ili tuone. Kwanza kiganja juu ya goti. Halafu mwili ukainama mbele, kichwa kikapita vidole vya miguu. Kiuno kikaja mwisho kabisa, na kabla hakijanyooka vizuri akavuta pumzi moja, akatazama pembeni kana kwamba kuna mtu kamwita. "Hapo anatazama nini? Hatazami kitu. Anasubiri maumivu yapite, hataki mjue."

Sebule nzima tukamtazama yeye. Joti mwenyewe angepita mlangoni tusingegeuka.

Lazima niwaambie kwamba Mama si mtazamaji wa hivihivi. Ni mtani. Kwenye misiba ya upande wao anaitwa mapema kuliko mpishi. Anajua kuvaa koti la marehemu, kushika kofia yake, kupita katikati ya matanga kwa mwendo wake uleule mpaka mjane aliyekataa uji tangu jana acheke na kamasi. Na fedha anadai juu yake. Hapo hakuna kuganda, hakuna kukata, na waliokaa kwenye mikeka wanamjua marehemu kuliko wewe. Ukikosea namna alivyokuwa akikohoa, unarudishwa. "Kule," alisema akikaa tena, "ningeshika fimbo mkono huo, wangenifukuza bila nauli."

Nikatazama daftari langu. Muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Goti hapakuwa na pa kuliandika. Nikalibana chini ya "wahusika", kwa herufi ndogo.

"Lakini huyo kijana anayegombana naye," Mama akaongeza, "huyo namsifu. Tazameni anavyomsikiliza mzee huku mwili umeshaondoka. Miguu iko mlangoni, uso umebaki kwa adabu. Wa hapa ndani tunao." Wote tukatazama dirishani.

Kulikuwa na mlio mdogo nyumbani mle tangu mwanzo wa kipindi, "ti, ti, ti", nao kila mtu aliudhania nyenje au saa ya mtoto wa jirani. Ilikuwa luku. Kabla ya kwenda uani, Shemeji alikuwa amemtengea Mama maji ya kuoga, akatumbukiza hita kwenye ndoo bafuni, akaisahau. Maji yetu ya Gairo ni ya chumvi, na hita ile ilishaota ukoko mweupe mnene kama ganda la yai. Inatafuna uniti muda mrefu kabla maji hayajajua kwamba yanachemshwa. Mzee wa kwenye kioo akainua fimbo amchape kijana. Giza.

Kimya. Bafuni ndoo ilikuwa ikinguruma yenyewe.

"Haloo?" ikasema simu. "Mama Watoto? Mbona hamcheki?"

Ndipo tukasikia kicheko. Kilitoka ng'ambo ya ukuta, kwa jirani, ambaye dishi lake lina nati. Mama akainua kidole tunyamaze, na robo ya mwisho ya kipindi ikahakikiwa hivi: kwa vicheko vya watu wengine. Jirani mwenyewe alicheka wa kwanza, mkewe akafuata baadaye kidogo, watoto wakamalizia kwa kupiga makofi. "Huo ni wa matusi," Mama akasema. "Mke amesubiri aone kama wageni wamecheka." Cha pili kilikuja kwa wote mara moja, kifupi. "Mtu kaanguka." Cha tatu kilianza kidogo, kikapanda, kikakatika, kikaanza upya, na mtu mmoja akaomba wamwonee huruma. Mama akatikisa kichwa gizani. "Huo sasa ni wa kweli. Huo ningeulipia."

Na uani Shemeji naye alikuwa akicheka, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumwambia. Alisimama kwenye baridi ameshika dishi la televisheni iliyozimika, akisikia sauti ya kwa jirani, akidhani ni yetu. Tulimwacha mpaka kipindi kikaisha. Haikuwa ubaya, kila mtu alitegemea mwenzake atatoka.

Ijumaa nikaingia darasani. Kidato cha tatu walikuwa wameona kipindi chote, wengi wao kibanda umiza, na kabla sijafungua daftari walishaanza kunifanyia kipande cha mzee na kijana. Yule wa dawati la nyuma ndiye mzee, rula ndefu ya ubaoni ndiyo fimbo. Akachechemea, akakaa, akainuka kwa kuruka kama chura.

"Goti bovu ni lipi?" nikamuuliza.

Tukapoteza vipindi viwili. Mwalimu wa hesabu akaja mlangoni kudai cha kwake, akakuta wanafunzi wote wanafanya mazoezi ya kuinuka kwenye viti, viganja magotini, macho pembeni, akafunga mlango taratibu, akaondoka.

Baba Watoto alirudi Jumamosi na fedha za mahindi pungufu ya alizotarajia, na hata kabla ya kunawa akauliza kipindi kiliishaje. Binti akamwambia kiliisha fimbo ikiwa hewani. Shemeji akasema hapana, mzee alipatana na kijana wakala pilau, yeye amesikia sahani kwa masikio yake. (Sahani zilikuwa za kwa jirani.) Baba Watoto akachagua mwisho wa pilau.

Mama hakuingia kwenye mabishano. Alimwita binti achukue kalamu na karatasi, aandike barua TBC, Dar es Salaam.

"Anza na salamu nyingi. Waambie tunawapenda, wasije wakadhani ni ugomvi. Halafu mwambie huyo mzee wao," akafikiri kidogo, mkono tayari uko kwenye goti, "mwambie kwanza goti, ndipo kiuno. Na fimbo aihamishe."