Jua la Saa Sita Usiku

Tulilipia jua la saa sita usiku. Tukapewa ukungu wa saa zote. Jabali la Nordkapp, kaskazini mwa Norwei, lina urefu wa mita 307 kutoka baharini. Tuliliamini tu, kama tunavyoamini ahadi za kampeni. Bergen nako mvua ndiyo mwenyeji, wakazi ni wapangaji.

Lakini Geiranger, haki ya Mungu, ilinifunga mdomo: maporomoko ya Dada Saba yakimwagika mlimani, meli ikinyata chini yake. Saa hiyohiyo wakafungua bafe. Sitahani nikabaki mimi na baharia mmoja. Wenzangu wako ndani, wanagombea kamba. Nami, nisijitie utakatifu, nilivumilia dakika kumi. Salmoni alikuwa anakwisha.