Buli la Mjomba

Mjomba alipohitimu masomo yake Nanjing, Uchina, alirudi Tanga na kifurushi alichokipakata njia nzima. Ndani mlikuwa na buli kuukuu la udongo wa kahawia, dogo la kuenea kiganjani. Mama alilitazama, akauliza kama ni la watoto kuchezea.

Buli hilo lilitoka Yixing, katika jimbo la Jiangsu, karibu na Ziwa Taihu, ambako mabuli ya udongo uitwao zisha yametengenezwa tangu enzi za ufalme wa Ming (1368–1644). Fundi wa kule hupigapiga donge kwa nyundo ya mti mpaka liwe bamba, kisha hulikunja na kuliunga kwa mkono. Buli halipakwi kitu cha kuling'arisha, hivyo hata likishachomwa hubaki na vitundu visivyoonekana kwa macho. Vitundu hivyo hunywa chai kidogo kidogo, ndiyo sababu wenyewe hulitengea kila buli aina moja ya chai.

Mjomba akatuonyesha ufundi wa buli lenyewe. Aliliinamisha, chai ikatiririka. Alipoziba kwa kidole kitundu cha juu ya kifuniko, ikakatika papo hapo. Alipoachia, ikatoka tena. Kifuniko kilikuwa kimekaa barabara, hewa haikuwa na pa kupenya. Mama hakusema tena habari ya watoto.

Mkasa ulitokea Ijumaa moja, Mjomba yuko msikitini. Wageni walipiga hodi, na chupa ya chai ilikuwa imepasuka asubuhi ile. Bibi akatwaa buli, akalijaza chai ya maziwa yenye tangawizi, iliki na sukari. Wageni walipoondoka, dada akaliosha kwa sabuni ya unga.

Mjomba alirudi, akafunua kifuniko, akanusa, akaketi.

"Chombo cha chai kimetiwa chai. Kosa liko wapi?" Bibi akauliza.

"Hujakosea, mama. Ila mafuta ya maziwa yakiingia kwenye udongo huu huvunda, na sabuni huacha harufu yake humo."

Mama akataka buli lifungiwe kwenye kabati la vioo. Mjomba akakataa. Alitandika kitambaa ndani ya sufuria, akaliweka buli, akamimina maji baridi na majani ya chai, kisha akabandika kwenye seredani yenye moto mdogo, maana joto la ghafla hulipasua. Bibi akavuta kibao akasimamia mwenyewe. Kila maji yalipobadilishwa, yeye ndiye aliyenusa, kwa kuwa hakuna pua nyumbani inayoitambua iliki kama yake. "Bado," alisema, na tena "bado," jioni kadhaa, mpaka alipotamka, "Imetoka." Kikombe cha kwanza cha chai ya rangi alipewa yeye, akanywa na tende, akaomba cha pili.

Mjomba alikuwa na haki ya kulikataa kabati. Buli la Yixing uzuri wake huongezeka kwa kutumika: udongo hulainika na kupata mng'ao kwa chai na mikono ya miaka mingi. Ukibahatika kulipata, lichagulie chai moja, lisuuze kwa maji ya moto peke yake, liache wazi likauke, nawe ulinywee kila siku. Na wa nyumbani mwako waambie mapema.