Elimu ya Kuomba Elimu: Mhadhara wa Wazi kwa Vijana wa Dzaleka

Waheshimiwa wazee wa jumuiya, akina mama, vijana wangu, na ninyi mliosimama dirishani kwa sababu viti vimekwisha: tulieni. Mbele yenu amesimama mtu aliyesoma masharti yote. Sikusema amesoma chuo. Nimesema masharti. Kuna watu wamesoma vyuo hadi wakamaliza bila kuyajua masharti, na hao leo wanatembea kwenye theluji ya Edmonton wasijue walifikaje.

Jina langu mnalijua. Vyeo vyangu nitavitaja kwa ufupi maana jua linapanda: Mshauri Mkuu wa Ufadhili, Mhariri wa Insha za Huzuni, Mfasiri wa Barua Pepe za Kukataliwa, na Mlezi wa Kudumu wa Tarehe za Mwisho. Nilijitunuku mwenyewe, kwa kuwa sikuona chuo chenye hadhi ya kunitunuku. Mwenye wivu atauliza mimi nimepata ufadhili gani. Namjibu mapema asitupotezee muda: refa hafungi magoli, na hakuna mechi bila refa.

Tuanze na jiografia ya taaluma. Tuko wilaya ya Dowa, hapa Malawi, kilomita 50 hivi kaskazini mwa Lilongwe, mahali ambapo enzi za Rais Kamuzu Banda palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa, na tangu 1994 pamekuwa kambi yetu ya wakimbizi. Palikusudiwa watu 10,000 au zaidi kidogo, tumepita 50,000. Kutoka ni kwa kibali, mashamba ni ya wenyewe, kazi ya mshahara ni ya kuvizia. Kijana aliyemaliza sekondari na cheti chake cha MSCE ana njia mbili: kukaa kwenye kibanda cha mama yake akipima sukari, au kujaza fomu. Sukari sina ujuzi nayo.

Fomu ya kwanza kwa heshima ni ya WUSC, ya Kanada, ambayo hapa hata bibi asiyejua kusoma anaijua tarehe yake. Tangu 1978 mpango huo umewapeleka wanafunzi wakimbizi zaidi ya 2,000 kwenye vyuo vya kule, na sehemu kubwa ya fedha inatoka mifukoni mwa wanafunzi wa Kanada wenyewe, waliokubali kukatwa dola chache juu ya ada yao. Yaani kijana asiyejua Dowa iko upande gani wa dunia anakulipia bweni. Anayechaguliwa anafika na ukaaji wa kudumu mkononi. Sasa chukueni hao 2,000 na ushei, wagawanyeni kwa karibu nusu karne, kisha wagawanyeni tena kwa nchi kadhaa, Kenya na makambi yake yakiwemo, halafu tafuteni Dzaleka inabaki na wangapi kwa mwaka. Msinipe jibu. Nimeona hesabu hiyo inawaondolea vijana hamu ya kununua ushauri.

Masharti yake: umalize sekondari kwa alama nzuri, uwe bado kijana, usiwe na mke, mume wala mtoto. Hili la mwisho limezaa kambini taasisi ambayo wanasosholojia bado hawajaifikia, nami naipa jina leo: uchumba wa kusubiri orodha. Nawajua wachumba waliokubaliana wasijuane hadharani mpaka majina yabandikwe. Mahari imeandikwa kwenye karatasi, karatasi imefichwa ndani ya Biblia, na baba mkwe anaitwa mjomba mbele za watu. Kijana wa kiume akisubiri hivyo mwaka baada ya mwaka anasifiwa uvumilivu. Binti akisubiri vilevile, shangazi zake wanaanza kuitisha vikao. Ushauri wangu wa kitaalamu: pendaneni, ila msipige picha.

Ya pili ni DAFI, fedha za serikali ya Ujerumani kupitia UNHCR, tangu 1992. Imeshasomesha wakimbizi zaidi ya 20,000 duniani. Imepewa jina la Albert Einstein, mkimbizi mwenzetu, aliyeikimbia nchi hiyohiyo ambayo leo inalipa ada kwa jina lake. DAFI kwa kawaida inakusomesha katika nchi uliyokimbilia. Unaenda chuo hapahapa Malawi, unavaa joho, unapiga picha na rafiki zako Wamalawi. Kisha wao wanashuka Lilongwe kutafuta kazi, na wewe unapanda Dzaleka na shahada kwenye bahasha.

Wapo mnaoguna kwamba huo ni uonevu. Hamsomi masharti! Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, na hiyo ilikuwa 1987, ilitamka kwamba vifungu kadhaa, vikiwemo vya kazi ya mshahara, elimu ya umma na uhuru wa kutembea, inavihesabu kuwa mapendekezo tu, si wajibu wa kisheria. Lugha ya upole iliyoje! Kwa hiyo shahada yako ya uhasibu hakuna aliyeikataa. Imependekezewa kukaa kwenye bahasha. Na mwaka 2023, serikali ilipoamuru wakimbizi waliokuwa mijini na vijijini warudi kambini, polisi wakawasomba watu wenye maduka Lilongwe, niliona miongoni mwao wanafunzi wangu wa zamani, waliodharau fomu wakaamini biashara. Sikuwacheka. Niliwauzia ushauri kwa nusu bei.

Sasa tuingie kwenye moyo wa somo, yaani Insha ya Maisha Yangu. Hapa ndipo wengi wanapoanguka, na ndipo mimi ninapopata chakula cha jioni.

Mfadhili anataka vitu viwili ambavyo kwa akili ya kawaida havikai nyumba moja: uwe umeharibikiwa kabisa, na uwe kiongozi. Anataka ulie, ila ulie kwa mpangilio, aya kwa aya. Na anakupa maneno 500. Ukizidisha, kompyuta inakukata hapohapo ulipo. Nimesoma insha ambamo mtu aliondoka Uvira usiku, na familia, kwenye mtumbwi, na hakuwahi kufika Kigoma, kwa sababu maneno yaliisha katikati ya Ziwa Tanganyika. Mpaka leo, kwa mujibu wa fomu ile, wamo majini.

Zamani tulikuwa tunaanza kwa adabu: nilizaliwa mwaka fulani, mahali fulani, mtoto wa tatu kati ya saba. Acheni hayo. Siku hizi unaanza katikati ya risasi. Msomaji ameketi ofisini na kikombe cha kahawa, ana rundo la insha mia, na wote ndani ya rundo hilo wamekimbia vita. Usipomshtua kwenye mstari wa kwanza, umekwisha.

Halafu uongozi. Umeanzisha nini? Kambi hii ina waanzilishi wengi kuliko wanachama. Kila kijana mnayemwona hapa ni mkurugenzi mtendaji wa shirika lenye nembo, muhuri, kaulimbiu na mwanachama mmoja ambaye ni mdogo wake. Siwalaumu, mihuri mingi nimeichora mimi. Lakini nawaonya wale mliowaandika mama zenu kuwa waweka hazina: safari hii mfadhili anaweza kuwapigia simu.

Kuna binti, yupo hapa safu ya pili, aliniletea insha yake juu ya foleni ya maji. Alieleza jinsi alivyokuwa akikaa kisimani na ndoo yake, akihesabu watu walio mbele na dakika za kila ndoo, mpaka akaweza kumwambia kila mama arudi saa ngapi, na mama akirudi anakuta zamu yake imefika. Kutokana na ndoo akapenda hesabu. Insha nzuri, imenyooka, na haina maiti hata moja. Nilimwambia, mwanangu, hii haiendi popote, ongeza msiba. Akasema, "Papa Prof, lakini baba yangu yuko hai." Nikamwambia afe kwa maneno 500 tu, atafufuka kwenye fomu inayofuata. Alinitazama sana. Mzee mwenyewe yule pale nyuma, karibu na mlango. Jambo mzee, tunakuona, hongera kwa afya.

Tusonge. Wenzetu walioanza kazi, ninyi wa shahada ya kwanza mnaotamani ya pili, mnaniletea Chevening, ya serikali ya Uingereza, iliyoanza 1983. Inadai uzoefu wa kazi wa saa 2,800, na inadai uahidi kurudi nchini kwako angalau miaka 2 baada ya masomo. Tuichambue kisayansi. Saa 2,800, kwa mtu ambaye haki yake ya kufanya kazi ni pendekezo. Kuhusu kurudi: wewe wa Bukavu, mji ambao waasi wa M23 waliutwaa Februari 2025, andika unarudi kuimarisha utawala bora. Wewe uliyezaliwa hapahapa Dzaleka, ambaye Burundi unaijua kwa nyimbo za bibi, andika unarudi ambako hujawahi kwenda. Mimi hupendekeza muandike "eneo la Maziwa Makuu". Ni pana, lina samaki, na halina ofisi ya uhamiaji.

Mafunzo ya vitendo hufanyika Lilongwe, mji mkuu tangu 1975, ambao mitaa yake ina namba, Area 3, Area 25, Area 47, na namba hazifuatani, ushahidi kwamba ulipangwa na mtu aliyezoea kujaza fomu. Kwanza upate kibali cha kutoka kambini. Kwenye sababu ya safari usiandike kutafuta maisha. Andika kuchapisha nyaraka. Kisha minibasi, magoti mdomoni, bahasha kifuani isikunjike. Kule kuna picha ya pasipoti, kuskani vyeti, kupakia faili ambalo tovuti inasema ni kubwa mno, kulipunguza, na kuambiwa sasa halisomeki. Umeme ukikatika, usimpigie kelele kijana wa duka la intaneti. Naye ana fomu yake anaijaza kwenye kompyuta ya pembeni, nimemwona.

Wenye diploma ya Kongo, iliyoandikwa kwa Kifaransa, mnajua mateso yenu. Wapo watu wazima waliorudi kidato pamoja na watoto ili wapate MSCE, wakakaa dawati la nyuma na ndevu zao. Hao nawavulia kofia, na katika mhadhara huu sivui kofia ovyo.

Huko mjini mtakutana pia na muungwana mwenye tai anayeuza nafasi za kwenda nje. Ni tapeli. Nafasi haziuzwi, fomu ni bure, na UNHCR haitozi hata kwacha moja kwa huduma zake. Kinachouzwa kihalali ni kukaa karibu nami.

Wasanii, nakuja kwenu, ingawa mnaniudhi. Mwaka 2014 mshairi Menes la Plume, Mkongomani aliyekuwa akiishi hapahapa, alianzisha Tumaini Festival. Badala ya msanii kuhangaikia viza aifuate hadhira, hadhira ikapanda minibasi ikamfuata msanii. Watu wanatoka Lilongwe, Blantyre na nje ya nchi, wanalala majumbani mwa wakimbizi, wanakula, wanalipa, wanacheza mpaka vumbi la Dowa linapanda mbinguni, na hakuna aliyeombwa insha. Jukwaa hilo si la wakimbizi peke yao. Wamalawi wanapiga ngoma zao palepale. Nililalamika kwa maandishi. Mchezo huo ukienea, sisi wataalamu tutakula nini?

Wajesuiti nao walikwisha kunitia hasara mapema. Mwaka 2010 walileta masomo ya diploma kambini kwa intaneti, yakisimamiwa na chuo kikuu cha Regis cha Denver, Marekani. Chuo kilikuja chenyewe! Hakikupanga foleni ya kibali, hakikuulizwa kitarudi kwao lini. Kumbe inawezekana. Hilo nawaomba mlisahau mkitoka hapa.

Maana takwimu zinanibeba mimi. Mwaka 2019 UNHCR ilipojiwekea lengo la asilimia 15 ya vijana wakimbizi kuwa vyuoni ifikapo 2030, waliokuwa vyuoni walikuwa asilimia chache tu. Tangu hapo wameongezeka, nakubali. Lakini bado wengi wako nje ya geti, na palipo na geti pana mtu wa kueleza jinsi ya kubisha hodi.

Muda wa maswali. Moja tu, nina mteja. Ndiyo, binti wa ndoo.

Anauliza... kaeni kimya nimsikie... anauliza: "Papa Prof, ile ya 1987, ya mapendekezo, inaombwa kwa nani ifutwe? Fomu yake iko wapi? Maana hiyo tukiipata, wenye shahada watafanya kazi hapahapa, na sisi tutajaza za Kanada kwa kupenda."

Ahem. Hilo si swali la ufadhili, ni la sheria, na sheria si fani yangu. Fomu hiyo sijawahi kuiona. Haina tarehe ya mwisho, na jambo lisilo na tarehe ya mwisho halina biashara. Tufunge.

Wanaotaka barua za kuwatambulisha kwa wafadhili, zenye muhuri, pangeni mstari mkono wangu wa kushoto, na chochote cha wino mkononi. Wanaotaka kuendelea na mambo ya binti huyu wakae kule kulia, chini ya mwembe, maana ni wazi kabisa hakutakuwa na mtu. Nimesema kushoto. Kushoto ni huku, vijana. Wewe mwenye Biblia ya mahari, unakwenda wapi? Mzee, hata wewe? Na nani amewaruhusu kuhama na viti?