Pingi Hailipi Mshahara

"Injinia, kwa hiyo pingi ndiyo tutakayowalipa watu?"

Bosi aliniuliza hivyo jana asubuhi, mbele ya madereva kumi na mmoja waliofuata mshahara ofisini kwetu Jebel, Juba. Masikio yangu bado yana moto. Dakika tano kabla nilikuwa nimetangaza, kwa sauti ya muadhini, kwamba handaki la Juba hadi Kampala limekamilika. Nikaipiga pingi rauta ya Kampala, vile vipakiti vidogo vya kuuliza "upo?": majibu manne kwa manne. Bosi akafungua ukurasa wa malipo, ulioko kwenye seva ya Kampala. Mweupe. Nje kokoto za Jebel Kujur zilikuwa zikigongwa, ko, ko, ko. Ndani kimya.

Handaki lenyewe si shimo. Rauta huchukua pakiti nzima, na anwani yake, ikaitia ndani ya pakiti nyingine. Rauta za njiani husoma bahasha ya nje tu. Ya ndani inasafiri imelala kama mtoto mgongoni, ikiamka ng'ambo inadhani imepiga hatua moja. Jambo hili hunifurahisha kupita kiasi, hata nikiwa nimeaibika. Ila bahasha nayo ina uzito. Njia hubeba baiti 1,500 kwa pakiti. GRE, itifaki ya handaki letu, ya mwaka 1994, inamega 24: 20 za kichwa cha nje chenye anwani mpya, 4 za kichwa chake yenyewe. Zinabaki 1,476. Pingi ni fungu la mchicha, hupita. Ukurasa wa mishahara ni gunia lililojaa pomoni, tena limeandikwa "lisigawanywe".

Rauta ikilitupa gunia, humtumia mwenyewe ujumbe: punguza. Lori likizidi uzito kwenye mizani ya Mariakani, dereva huambiwa. Sisi ujumbe ule ulizuiwa na waliotukodisha seva, eti kwa usalama wetu. Usalama gani? GRE haifichi hata herufi. Anayetaka kuisoma mishahara yetu njiani, ataisoma. Kilichozuiwa ni habari pekee ambayo ingeniokoa. Ankara yao ya dola, hiyo haijawahi kukwama.

Dawa ilikuwa mstari mmoja: kila upande usipakie zaidi ya baiti 1,436 za data, zilizobaki ziachiwe vichwa vya pakiti ya ndani. Malipo yakaanza.

Saa nane nikaifundisha rauta kwamba ncha ya Kampala hufikiwa kupitia handaki, handaki likajimeza.

Saa kumi jenereta likaishiwa dizeli.

Madereva kumi walikwisha kulipwa. Wa kumi na moja yuko mlangoni, na leo amekuja na mkeka.