Kejeli Inayotia Njaa

Watengenezaji wa magemu wana deni langu, na leo nawadai hadharani. Mpwa wangu hucheza Grand Theft Auto: San Andreas, gemu la mwaka 2004 lisilotaka kuzeeka, na kila akiliwasha mimi huishia kumtuma mtu chipsi kuku.

Wenyewe husema ni kejeli. Mle ndani mna mgahawa wa Cluckin' Bell, unaowadhihaki KFC na Taco Bell wa Marekani kwa mpigo mmoja, na mwingine wa Burger Shot, unaowasema wauza baga. CJ, mhusika unayemwendesha, akibugia kupita kiasi anatapika palepale. Asipokoma, kitambi kinatokeza, mbio zinamwishia, na wapita njia wanamsimanga kwa unene. Somo limekamilika. Sasa mbona mate yananitoka?

Mtazame Big Smoke, mwenzake CJ. Anafika dirishani pa Cluckin' Bell bila kushuka garini, anaagiza kwa namba, namba juu ya namba, kama anasoma matokeo ya mtihani wa taifa, kisha anafungia na soda kubwa. Maadui wanatokea, wenzake wanafyatua risasi, yeye anatafuna. Nia ilikuwa tumcheke mlafi. Mpwa wangu akageuka: "Mjomba, huyu jamaa ana akili. Mla ni mla leo!" Mpaka leo watu wanaikariri oda ile duniani kote. Kuna tangazo gani la kuku la kweli lililowahi kupendwa hivyo?

Na wakejeli wenyewe ni akina nani? Gemu limetengenezwa na Rockstar North, studio ya Edinburgh, Uskoti. Uskoti ileile yenye maduka ya chipsi yanayoichovya chokoleti ya Mars kwenye rojo la unga, kisha yanaitumbukiza kwenye mafuta yanayochemka! Halafu eti mlafi ni Mmarekani.

Kinachonimaliza ni kwamba saladi imo. Ipo kwenye menyu, inampa CJ nguvu bila kumnenepesha, na mpwa wangu hajawahi kuigusa. Kosa lake ni moja tu: hakuna aliyeidhihaki. Kwa hiyo nawaomba mabwana wa Edinburgh, gemu lijalo mtukaneni mchicha. Mfanyieni nembo ya kijinga, wimbo wa kipuuzi na muuzaji mwenye kofia ya jani. Bei ya fungu itapanda sokoni kesho yake, nami nitapata cha kulalamikia.