Kwa Dakika Tano, Mama, Nilikuwa Mzungu

 Mama, msomee Shangazi wa Jerusalem barua hii, maana Jerusalem yake imehusika.

Jumatatu nilienda kumwandikisha mjukuu wako shule. Ni kashule kadogo hapa Minnesota; wanafunzi wote wangeenea kwenye matatu tano za Buruburu, tena bila kubanana. Nikapewa karatasi ya kueleza asili ya mtoto. Swali la kwanza: ana asili ya Kihispania au ya Amerika ya Kilatini? Hilo hujibiwa peke yake kabla ya mengine, kama kunawa mikono kabla ya ugali. Kisha vinakuja visanduku: Mweusi, Mweupe, Mwasia na wenzao. Ndani ya Mweusi kuna vijisanduku: Msomali anacho, Mliberia anacho, Mnaijeria anacho. Nikamtafuta Mkenya mara mbili, mara ya pili kwa kidole. Tumo kwenye "Wengineo". Sisi wa makabila zaidi ya arobaini! Wamakonde waliandamana kutoka Kwale hadi Nairobi mwaka 2016 ili watambuliwe kuwa Wakenya, na huku sote tumetiwa gunia moja.

Nikaleta ujeuri, nikaiacha wazi. Karani akaniambia kwa upole kwamba mzazi asipojaza, kanuni za serikali kuu zinataka mtu wa shule amtazame mtoto na kuamua mwenyewe. Amtazame! Mtoto alikuwa nyumbani na mamake, basi nikatazamwa mimi, juu ya miwani. Nikajikuta nimesimama wima kama mbuzi wa soko la Kiamaiko, nangoja kubonyezwa kiuno.

Ili asikosee, akauliza nilizaliwa wapi. "Jericho," nikasema, kwa maringo yaleyale niliyokuwa nikimwambia nayo makanga. Na wazazi? "Mama alilelewa Jerusalem, akaolewa Jericho." Akaandika haraka haraka. Nilipochungulia, kumbe tumetiwa kwa Weupe! Karatasi yenyewe inasema Mweupe ni mtu mwenye asili ya Ulaya, Mashariki ya Kati au Afrika Kaskazini. Hata Mmisri, wa bara letu hilihili, ni Mweupe. Machi 2024 serikali yao iliamua watu wa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini wapewe kisanduku chao, lakini karatasi ya hapa bado haijapata habari. Macho ya karani yalimwambia hivi, maandishi yakamwambia vile, na yeye ni mtu wa maandishi. Nakiri, Mama, sikukimbilia kumsahihisha. Nilikaa kwenye kiti nikakunja nne.

Mwishowe nikamweleza kwamba Jericho yetu ni mtaa wa nyumba za kaunsili Nairobi, jirani na Maringo, na Jerusalem ni mtaa mwingine. "Basi ninyi ni kabila gani?" Hapo nikakwama. Baba wa Butere, wewe wa Machakos, mke wangu wa Seme, na mtoto anaongea Kiingereza cha katuni.

Shuleni kwetu hatukupewa karatasi kama hiyo. Lakini nisijifanye malaika: kabila la kila mtoto tulilijua kabla ya saa ya uji, kwa jina lake la tatu na kwa lugha aliyotukania akikanyagwa. Nilijua matusi ya lugha sita na salamu za lugha mbili. Halafu ikaja Januari 2008, na vurugu za baada ya uchaguzi. Nilikuwa darasa la saba, madawati manne yakabaki matupu, nawe ukatukataza kuongea Kikamba karibu na dirisha. Jirani wa mlango wa pili, yule wa githeri, alihama bila kuaga. Bakuli lake bado liko kwako?

Basi tumetia alama kwenye "Wengineo". Sasa Ijumaa kila mtoto anatakiwa apeleke shuleni chakula cha kwao. Mke wangu akasema samaki, mimi nikasema muthokoi, mtoto akasema chapo, na hakuna aliyembishia. Unga ninao, ila chapati zangu hutoka ngumu kama mabati ya Gikomba. Maji ya kukandia ni ya moto au ya vuguvugu? Nipigie kabla ya Alhamisi, Mama.