Jerikani Mbili za Njano

Kwetu Bukonzo jina la mtoto hupangwa na foleni. Mvulana wa pili kuzaliwa ni Bwambale, apende asipende. Wa nne ni Kule, wa tano ni Thembo, na msichana wa kwanza ni Masika. Utaratibu huu umewapunguzia wazazi wetu maumivu ya kichwa kwa vizazi vingi, ila haukutungwa kwa ajili ya kilabu. Kilabu cha mazoezi, nasisitiza, kwa kuwa neno hili lina ndugu yake anayeuza pombe. Katika daftari la kilabu chetu hapa Kasese tumo watu 23, na Bwambale ni sita. Ndiyo maana kuna Bwambale Mrefu, Bwambale Benki, Bwambale Matofali, Bwambale wa Juu (anakaa Kilembe), Bwambale Mlokole, na mimi. Mimi naitwa Bwambale Vinywaji. Jina hilo sikulipata kwa ubatizo.

Chanzo ni binti wa kaka yangu Mumbere. Anaishi Ubelgiji, na Juni ile alikuja kwa likizo aliyoiita ya majira ya joto. Tulimwangalia tu. Kasese iko bondeni na joto lake halina majira. Mlima Rwenzori ulio hapo juu yetu unapanda hadi mita 5,109 na una theluji kileleni, lakini wewe huku chini unatembea umelivuta shati kwa vidole viwili lisikugande mgongoni. Kweli, Juni mvua hupungua na vumbi huanza kuingia kwenye chai. Hilo lilimtosha.

Ananiita baba mdogo, kama inavyostahili, maana baba yake ndiye mkubwa. Siku ya tatu alinitazama nikiinuka kitini, kazi ambayo siku hizi naifanya kwa awamu, akasema, "Baba mdogo, udogo wako uko kwa jina tu." Mama yake ni mtu wa Beni, kwa hiyo binti anaongea Kiswahili cha Kongo, kile kinachokuchoma kwa upole. "Kule tunakimbiaka kila asubuhi. Hapa munakimbiaka wapi?"

Wakimbiaji walikuwepo. Tangu mbio za Rwenzori Marathon zianze hapa mwaka 2022 mji umebadilika. Zamani mtu mzima akionekana anakimbia alfajiri, majirani walijua ni moja kati ya mawili: basi la Kampala linamwacha, au mto Nyamwamba umefurika. Sasa muuza saruji anakimbia, mwalimu mkuu anakimbia, mama wa chapati anakimbia, wote na viatu vya rangi ya kasuku. Hata mimi nilikuwa nimejiandikisha tangu Januari, nikalipa ada, nikapewa fulana. Fulana naivaa nyumbani wakati wa kula.

Nilijitetea kwamba kosa si langu, ni la obundu. Asiyeujua obundu aambiwe ni ugali wa muhogo, ila akautamke hivyo mbali na mama wa Kikonzo. Unga unasongwa mpaka unavutika na kung'aa, unaletwa mezani mzima kama jiwe la mtoni, na moto wake umejificha ndani kama deni. Ukiumega mara ya kwanza vidole vinalalamika. Unauchovya kwenye mchuzi wa ngege aliyevuliwa ziwa Edward, upande wa Katwe, au kwenye sombe iliyoungwa kwa mawese kutoka Kongo, na kuanzia hapo mazungumzo yanakufa. Tatizo la obundu ni kwamba hauna tonge la mwisho. Tonge likibaki linadai mchuzi; ukiongezwa mchuzi, mchuzi nao unadai tonge. Nimewahi kukaa katika mzunguko huo mpaka taa zikawashwa.

Kwa heshima ya mgeni, mke wangu aliupika juma zima. Mgeni alikula matonge matatu akashukuru. Chakula cha mgeni hakirudishwi jikoni, na nyumbani kwangu mwenye jukumu hilo ni mmoja.

Basi kilabu kikapanga kwenda kukimbia vilima vya Bwera. Kupata siku kulikula vikao vitatu. Jumamosi Waadventista hawakimbii, Jumapili wengine wote wako kanisani, Ijumaa Waislamu wana swala, na siku za kazi Benki hatoki kazini. Tukaangukia tarehe 9 Juni, Siku ya Mashujaa, iliyokuwa Jumatatu. Mimi nikakabidhiwa vinywaji kwa sababu mbili: shangazi yangu anakaa Bwera, na hakuna aliyetaka kunisubiri njiani.

Bwera ni mji wa mpakani. Ukivuka mto Lhubiriha pale Mpondwe uko Kasindi, Kongo, kwa hiyo vitu vingi vina majina mawili na bei mbili. Pombe ya ndizi huku ni tonto, ng'ambo ni kasiksi. Shangazi haigusi, anasema ni kelele tu. Yeye ni mtu wa divai ya pasheni. Anakamua matunda, anachuja kwa kitambaa, anatia sukari na hamira, kisha anaiacha kwenye jerikani ya njano majuma kadhaa. Mdomo wa jerikani anauziba kwa jani la mgomba lililosokotwa, hatii kifuniko kamwe, kwa sababu hamira ikiwa kazini hutoa hewa, na hewa ikikosa njia jerikani huvimba. Kifuniko ni cha juisi, ile iliyokamuliwa asubuhi hiyo hiyo. Jani ni divai, kifuniko ni juisi. Alinieleza mara mbili kwenye simu. Nikamwambia, "Shangazi, mimi ni mhasibu."

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, watu 19 katika teksi ya watu 14. Pale Kikorongo, karibu na mstari wa ikweta, ndipo barabara ya Bwera inapokata kulia. Kabla ya hapo barabara inapita pembeni mwa hifadhi ya Queen Elizabeth, na Bwambale wa Juu alipiga ukelele, "Nyati!" Teksi nzima ikanyamaza. Alikuwa ng'ombe wa Wasongora, na pembe zake ndefu, na mtoto mchungaji aliyetupungia mkono.

Bwera tukaanza. Na mimi nilikimbia, hilo liandikwe. Nilikimbia kutoka stendi hadi pale njia inapoanza kupanda. Wanawake walikuwa wanateremka na mikungu ya ndizi kichwani, kesho yake ikiwa Jumanne, siku ya soko la Mpondwe. Wengine miguu mitupu, na hakuna aliyekuwa anahema. "Wabukire," wananiamkia, mimi nainua mkono tu kwa sababu pumzi ilikuwa na shughuli nyingine. Mmoja alisimama na mkungu wake, akaniuliza kwa huruma kabisa, "Pole, nani mgonjwa?" Jasho lilikuwa limekauka usoni, chumvi ya paji langu la uso peke yake ingemfungulia mtu biashara pale Katwe. Nikasimamisha bodaboda, nikaenda kusimamia idara yangu.

Idara ilikuwa chini ya mwembe, kilomita ya sita. Kijana mwingine wa bodaboda alikuwa amekwisha fika na jerikani. Aliambiwa alete ya wakimbiaji. Yeye, kwa kuwa alilipwa kwa jerikani na si kwa safari, alileta zote mbili. Tena njiani aliona moja inamwaga kupitia jani, akasikitika, akasimama dukani, akalitupa jani na kununua kifuniko. Alinidai shilingi 500 za kifuniko. Nilimlipa na kumsifu kwa uaminifu.

Mbele yangu jerikani mbili za njano, vifuniko viwili. Moja imetulia. Nyingine imetunisha kifua kama askari wa gwaride. Mhasibu akazitazama, akaona iliyotuna lazima ina kinywaji kingi zaidi, na kwa kuwa wakimbiaji walikuwa wengi, akafungua hiyo. Ilitoa pumzi ndefu, psssss. Nikasema ni joto.

Mrefu alifika wa kwanza, akanywa vikombe viwili vya plastiki bila kushusha mkono, akanitazama kwa upendo ambao hatujawahi kuwa nao. Matofali akanywa vitatu. Mlokole, ambaye hajaonja pombe tangu aokoke na hata soda anaitilia shaka, alimaliza cha nne akatangaza kwamba juisi za mjini zina maji mengi, hii inamfikia mtu. Nilifurahi. Katika kilabu kile sikuwahi kusifiwa kwa lolote.

Binti alikuwa wa mwisho. Alikuwa anapiga picha. Alipokea kikombe, akanusa, akakizungusha taratibu, akanusa tena, akaangalia bonde. "Baba mdogo," akasema, "hii si juisi. Hii ni divai." Kisha akaeleza kwamba ina harufu ya udongo wa mlimani, na nyuma yake kuna kitu kama karanga. Sikumwambia kwamba jerikani ile ilianza maisha ikiwa na mafuta ya kupikia.

Nilipogeuka kuwaita, kundi lilikuwa limeondoka, na lilikuwa linakimbia vizuri kuliko siku zote, ila si kwenye njia. Benki, mtu ambaye mkopo kwake unaomba ukiwa umevaa tai, alisimama kila nyumba akiahidi mikopo. (Siku tatu baadaye wazee wanne kutoka Bwera walimfuata ofisini, na mmoja alikuwa na shahidi.) Mrefu hakukata kona ya kurudi, aliteremka moja kwa moja hadi mtoni, na alipoombwa kitambulisho ili avuke kwenda Kasindi, alionyesha namba 14 iliyobandikwa kifuani. Wa Juu alitukuta baadaye akiwa na kitenge ambacho hakumbuki kukinunua. Matofali alilala chali chini ya mgomba, mikono kifuani, uso umejaa amani.

Huyu Matofali ndiye aliyetuponza. Kijana wangu wa vifuniko, ambaye huruma yake haina mipaka, alimkuta pale akampigia simu mtu anayemfahamu Kasese: "Bwambale amezimia huku Bwera." Bwambale yupi, hakusema.

Tuliporudi kwa shangazi, mtu mmoja mmoja, obundu ulikuwa mezani na ngege wake. Shangazi aliigonga jerikani kwa kidole kama daktari, akasikiliza, akasema, "Lita kumi na nne." Ilikuwa ya harusi ya jirani. Mlokole alipoelezwa alinyamaza kwa muda, kisha akasema yeye aliomba juisi akapewa juisi, na dhambi, kama ipo, iko kwenye kifuniko. Akaomba mchuzi.

Tulikuwa kwenye ule mzunguko wa tonge na mchuzi gari la kukodi liliposimama nje. Walishuka wake watano wa akina Bwambale wanalia, na wa sita, wangu, ambaye hakuwa analia. Aliingia, akanitazama, akakitazama kichwa cha ngege mkononi mwangu. "Kumbe," akasema, "ndivyo mnavyozimia."

Shangazi aliwakaribisha, akawamiminia juisi kutoka jerikani ya pili, ile iliyotulia, juisi halisi ya asubuhi ile. Hakuna aliyeigusa. Alikula kiapo, akaionja mbele yao, akampa mtoto akanywa. Wake wakasema maji ya bomba yanatosha. Saa ya binti ilimpongeza kwa hatua 21,000. Mimi nilijipima kesho yake, na namba hiyo nimeihifadhi.

Tulichanga tukalipa divai ya harusi, gari la kukodi, na kitenge cha Wa Juu. Binti alirudi Ubelgiji. Majuma matano yakapita, kisha jioni moja simu ikalia, shangazi.

"Mwanangu, ile juisi waliyoikataa wake zenu. Sikuimwaga. Niliitia sukari na hamira, nikaiziba kwa jani."

"Na sasa?"

"Imeiva. Mnakimbia lini?"